Kinyozi wa Jua la Utosi

Kilichomfanya Teresa aanze kumshuku mumewe ni kidevu. Alikuwa ametoka sokoni Nakawa na kaveera, kimfuko cha plastiki, chenye mafuta ya nywele mkononi, akamkuta Oyugi ameketi kwenye ngazi ya trela anakula muhogo, kidevu chake kinang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Asubuhi alipomwacha, kidevu hicho kilikuwa kimejaa ndevu. Akamuuliza kama amenyoa. Oyugi akajipapasa shavu, mkono ukasimama pale pale, akasema labda amenyoa, hakumbuki vizuri.

Mtu anawezaje kusahau kwamba amenyoa? Teresa aliingia ndani kuweka mafuta yake, lakini jambo lile lilimkwama kama mwiba wa samaki kooni.

Wawili hawa walikuwa Wakenya wa upande wa Kisumu, wamekaa Kampala miaka mingi. Mtoto wao Nashon alikuwa nyumbani kwa bibi yake, akisoma. Teresa alikuwa msusi, Oyugi fundi umeme. Chumba cha saluni ya Teresa kilipobomolewa kupisha barabara, Oyugi alipata trela kuukuu la kupigia kambi, limetupwa kwenye yadi moja ya viwandani. Akalichomelea palipooza, akalipaka rangi, wakalivuta hadi kiwanja cha kukodisha cha mtu aitwaye Farouk, ufukweni mwa ziwa, mbele kidogo ya Port Bell. Hapo watu wa mjini hupiga mahema mwisho wa wiki, na nyaya za umeme hazijafika. Mtu aliyelala hemani, na Jumatatu anatakiwa ofisini, hutamani sana kunyolewa na kukaushwa nywele kabla ya kurudi mjini. Kazi ikashika. Wakahamia humo humo, kitanda nyuma, kiti cha saluni na kioo mbele.

Umeme wao ulikuwa wa jua. Oyugi aliweka paneli juu ya paa, betri chini ya kitanda, na ukutani inveta, kisanduku cha kugeuza umeme wa betri, chenye taa ya kijani inayogeuka nyekundu betri zikichoka. Alimfundisha mkewe kwamba mashine ya kunyolea hunywa umeme kama ndege, lakini draya ya kukaushia nywele na pasi ya kuzinyoosha hunywa kama ng'ombe aliyetoka machungani. Draya ni ya mchana, jua likiwa kali, na pasi isiwashwe pamoja nayo. Jioni ni taa na simu tu. Teresa alilishika sharti hilo kama amri ya kanisani.

Kwa hiyo inveta ilipoanza kulia mchana kweupe, taa nyekundu, betri zimekauka ilhali paneli zinapigwa na jua, kila mmoja alimtazama mwenzake. Oyugi akasema mkewe anakausha wateja kwa siri na kuua betri. Teresa akasema yeye hakuwepo, alikuwa Nakawa. Aliyebaki na trela ni nani? Wakalala migongo ikitazamana.

Siku zilizofuata kila Teresa akienda sokoni alirudi akakuta jambo. Mara kucha za Oyugi zimekatwa na kusuguliwa, yeye ambaye kucha zake zilikuwa nyeusi kwa grisi tangu amjue. Mara shingo yake inanukia udi, udi mzito wa harusini, na chini ya harufu hiyo kuna nyingine, kama tope la ziwa na nywele zilizoungua. Kiti cha saluni kilikuwa kimelowa. Tena kutoka mlangoni, kupitia majani hadi ukingoni mwa maji, palikuwa na mchirizi mpana wa unyevu, kama mtu ameburuta shuka lililolowa. Oyugi mwenyewe alikuwa amepungua. Chakula alikionja tu, mchana alisinzia, na akiamka alikuwa na uso wa mtu aliyekatizwa mazungumzo matamu.

Teresa hakuwaza majini. Aliwaza mwanamke. Alimwaza mwanamke wa mahemani, mwenye nywele ndefu, anayekuja kuoga ziwani kisha kukaushwa nywele na mume wa mtu, kwa draya ya mwenye mume. Akaamua kumfumania.

Asubuhi moja akaaga kama kawaida. Ila mkobani, chini ya leso, alitia draya, pasi na mashine ya kunyolea, ili huyo bibi akija akose hata cha kuchezea. Bodaboda ikamfikisha Port Bell, akashuka. Akakaa kwenye kibanda cha chai akitazama mabehewa yakisukumwa kuingia kwenye feri, na chai yake ikapoa bila kuguswa. Jua lilipokaribia utosi akarudi kwa miguu.

Kiwanja kilikuwa kitupu. Ilikuwa katikati ya wiki, hakuna hema hata moja. Viatu vya Oyugi vilikuwa mlangoni. Na ndani ya trela draya ilikuwa inavuma.

Teresa alisimama. Akautazama mkoba begani mwake. Akaingiza mkono taratibu, akaipata draya yake mahali alipoiweka, waya umezungushwa na kufungwa, na ilikuwa ya moto, moto wa kuunguza, kama imetoka kutumika saa hiyo hiyo, na mdomo wake ulikuwa unampulizia viganja pumzi ya joto yenye harufu ya udi, ingawa haikuunganishwa na kitu chochote duniani, na mlio haukutoka mkobani bali kule ndani, nyuma ya pazia la dirisha dogo, ambako sasa alisogea hatua kwa hatua kwa sababu miguu ilikataa kukimbia, akatia jicho kwenye upenyo, akamwona mumewe ameketi kwenye kiti cha saluni, kitambaa cha wateja kimefungwa shingoni, macho nusu wazi, na hapakuwa na mtu mwingine, lakini kichwa chake kilikuwa kinainamishwa huku na huku kama anavyofanya kinyozi, na kwenye ngozi ya shavu palikuwa na vishimo vya vidole vinavyobonyea, vinahama, vinabonyea tena, na kutoka hewani nyuma ya kiti maji yalikuwa yanadondoka sakafuni, tone baada ya tone, kwenye mstari mrefu, kama yanayotoka kwenye nywele zinazoshuka hadi chini.

Oyugi alikuwa anatabasamu.

Teresa hakupiga kelele. Alirudi kinyumenyume hadi barabarani, akavuka, akagonga nyumba ya kwanza, ambayo ilikuwa ya mama yake Farouk, Hajati Mahfudha. Bibi huyu ukoo wake ulikuja Kampala tangu enzi za misafara ya pwani, na maisha yake yote alikuwa akifundisha watoto Kurani barazani kwake. Watu walimwitia pia mambo mengine, ambayo hakuyatangaza.

Hajati alimpa maji, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama anauliza habari za mgonjwa, "Ndevu, kucha, udi. Na kichwa, mwanangu? Kimeshanyolewa?"

Teresa akasema bado. Akaongeza, kwa aibu, kwamba yeye ni Mkristo, wala hajui kama inafaa awe pale.

"Sikukuuliza dini yako. Nimekuuliza habari za kichwa." Hajati akavuta mtandio wake. "Huyo jini anamtengeneza mumeo awe bwana harusi wake. Ndivyo kwetu anavyotengenezwa, akanyolewa, akafukizwa, kichwa kikawa cha mwisho. Akishanyolewa kichwa, anapelekwa kwa mkewe. Na huyo mkewe hakai nchi kavu."

Teresa akauliza afanye nini. Hajati akamtazama mikono, akasema kuna mtu mmoja tu mwenye haki ya kukamilisha kazi ile kabla ya yule mwingine, naye ni mke wa halali, ambaye bahati nzuri ni msusi; akimaliza yeye, bwana harusi ni wake. Anyoe yeye, kwa wembe wa mkono, kisitumike chochote cha umeme. Kioo kifunikwe. Sauti yoyote itakayomsemesha, mkono usisimame.

Kesho yake, jua halijapanda sana, Hajati akafika na chetezo cha ubani, na Farouk nyuma yake. Oyugi alipoelezwa alicheka, kisha akakasirika. Akasema anajua njama hii: mkewe amechoka na maisha ya trela, sasa amewaleta wenye kiwanja wamfanye kichaa. Hajati hakubishana naye. Alimwomba aseme tu ni lini mara ya mwisho aliposhika wembe kwa mkono wake mwenyewe. Oyugi akatazama kucha zake, zimesuguliwa zinameta, na uso ukamshuka.

"Mniache tu," akasema polepole. Lakini alikaa kitini.

Farouk alizichomoa betri, akazitoa nje na kuzipanga majanini, mbali na trela. Kioo kikafunikwa kwa leso. Teresa akapaka povu kichwani mwa mumewe, akafungua wembe mpya, akaanza paji la uso kuelekea nyuma, na Hajati akaanza kusoma Ayatul Kursiy, sauti yake nyembamba na tulivu, moshi wa ubani ukizunguka dari.

Nusu ya kichwa ilikwenda salama. Jua likafika utosini, paa la bati likaanza kualika kwa joto, na ukutani taa ya inveta, isiyo na betri wala waya, ikawaka kijani.

Draya ikavuma. Safari hii ilivuma sikioni mwa Teresa, upepo wa moto ukampiga kisogoni, na juu ya mikono yake pakatua uzito wa kitu baridi, chenye maji, kizito kama mkeka uliolowa, kikaanza kumteleza viganjani na kumzunguka vifundo vya mikono, na harufu ya tope ikaujaza mdomo wake hata akahisi anaila, na wembe ulikuwa bado juu ya ngozi ya mtu aliyemzalia mtoto, naye akawa anakumbuka jambo moja tu, kwamba mkono usisimame, mkono usisimame.

Ndipo midomo ya Oyugi ikafunguka, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya upole, haina haraka.

"Fundi, mkono wako mzito. Nipishe nimalizie."

Hajati akapandisha kisomo. Teresa akanyoa. Sauti ikamwambia kwamba anamkata, ona damu, na kweli povu likaonekana jekundu, jekundu tupu, likimtiririka mumewe shingoni. Teresa akafumba macho, akaendelea kwa kupapasa, kama alivyozoea kusuka gizani siku ambazo umeme wa mjini ulikatika. Kidole kikamwonyesha palipobaki, nyuma ya sikio.

"Nipishe," ikasema sauti, na sasa upole ulikuwa umeondoka.

"Kiti ni changu," Teresa akasema. "Na aliyekikalia ni wangu. Toka."

Akavuta wembe mara ya mwisho.

Kioo kilipasuka chini ya leso. Trela lote likainama upande mmoja kama limekanyagwa na kitu kikubwa kinachoshuka ngazi, na Farouk, aliyekuwa nje, alisema baadaye kwamba aliona majani yakilala chini kwenye mstari mpana kutoka mlangoni hadi ukingoni, na maji ya ziwa yakafunguka bila sauti, yakafunga. Ndani, taa ya inveta ilizimika. Teresa alifumbua macho. Povu lilikuwa jeupe, hakuna hata mkwaruzo. Oyugi alikuwa analia, machozi yakimshuka bila kujifuta, na mkewe akamkumbatia kichwa kile kitupu akidhani ni machozi ya mtu aliyeokolewa.

Hawakulala tena pale. Farouk alikubali kulivuta trela likauzwe vyuma, nao wakapanga chumba Namuwongo, karibu na reli, penye umeme wa waya na majirani wanaogombana mchana kutwa. Kwa Teresa kelele zile zilikuwa dawa. Alifungua saluni kwenye kibaraza. Oyugi akarudi kwenye kazi za kufunga nyaya. Hamu ya chakula ikamrudia, mwili ukarudi, kucha zikawa nyeusi tena kwa grisi. Nywele zake zikaota. Hajati alipokuja kuwatembelea alimkagua kwa macho, akaridhika, akanywa chai yake, akaenda zake.

Jumapili moja baada ya ibada, Oyugi akamwomba mkewe amnyoe, kichwa kimekuwa kichaka. Teresa akafurahi, kwa sababu tangu siku ile hakuwahi kumwomba. Akamfunga kitambaa, akawasha mashine, akaanza upande wa kulia. Watoto wa jirani walikuwa wanacheza mpira kando ya reli. Oyugi alifumba macho.

Wakaongea habari za Nashon na karo na mvua. Kisha Teresa akajikuta akimuuliza alichokuwa hajathubutu kuuliza: kama alikuwa akimwona kweli yule mwanamke wa ziwani, au alikuwa usingizini tu kama alivyowaambia yeye na Hajati.

Oyugi aliinamisha kichwa kidogo kuipisha mashine.

"Siku ya kwanza," akasema, macho bado yamefumbwa, "kabla hajanishika, aliniuliza kama nina mke. Alisema mwenye mke hamgusi."

Mashine ilikuwa inanguruma. Teresa akaizima, asije akakosa kusikia.

"Ukamwambia nini, Baba Nashon?"

Mpira uligonga ukuta, watoto wakaukimbilia. Oyugi alifumbua macho, akatazama mbele, kule ambako saluni nyingine huwa na kioo, ambacho Teresa hakutaka tena kukitundika.

"Malizia upande huu wa kushoto," akasema.