Aliyemo Kwenye Hita

Kama unakula, weka sahani kando kwanza, maana habari hii haina adabu.

Ilianza kwa maji kutoka ya vuguvugu. Hita ya bafuni, iliyozoea kutoa maji ya kubabua vidole, ikaanza kutema maji yenye joto la mate. Na harufu nayo! Yai viza, na kinywa cha mtu aliyeshinda na njaa. Mwenye nyumba, mwanamke ambaye majirani walimwita Bi Usafi kwa jinsi alivyofua hata matambara ya kupigia deki, alisugua bafu mara tatu na harufu ikabaki palepale.

Na maji ya moto yalikuwa lazima. Mama mkwe wake aliteleza humo bafuni wiki tatu nyuma, na tangu siku hiyo akawa mtu wa kitandani, hasemi wala hageuki. Mgongo ulichimbika vidonda. Daktari alisema vioshwe asubuhi na jioni kwa maji safi yaliyopata moto, la sivyo vitaoza mpaka mfupani na mama hatapona. Sasa Bi Usafi, pamoja na jina lake zuri, ana kinyaa cha ajabu. Alimwosha mama mkwe bila kukosa hata siku moja, lakini alijaza pamba puani, akavaa glavu, akageukia ukutani na kuosha kwa kupapasa. Mumewe alijua akanyamaza, kwa sababu yeye mwenyewe hata mlangoni kwa mama hakufika.

Fundi bomba alikuja mchana, mtu wa maneno mengi, akaelezwa yote, hata habari ya mgonjwa. Swichi nzima. Waya mzima. Koili inachemka vizuri. Akafungua kifuniko cha kidhibiti joto, akakuna kichwa.

"Dada, nani ameshusha hii? Imewekwa kwenye joto la mwili wa mtu."

"Hakuna aliyeigusa, fundi. Hata bisibisi hatuna."

Fundi akafungua vali ya kumwagia uchafu, chini ya tangi. Maji yalitoka, yakasita, kisha ukateremka ute mzito wa kijivu, unaning'inia bila kukatika, na ndani yake mvi zilizosokotana, ukucha mzima wa dole gumba, na kipande cha ngozi kilichojikunja kama utandu wa maziwa. Fundi, mzoefu wa vyoo vya kila aina, alitapika kwenye sinki.

Alipojifuta mdomo, maneno mengi yalikuwa yamekwisha. "Humu kuna jini," alinong'ona. "Anapenda uvuguvugu, ndimo anamojibambua. Bwana aliyenifundisha kazi alikuwa hamsomei. Anafunga bomba zote, anapandisha moto mpaka mwisho, anampika."

"Basi mpike," alisema Bi Usafi.

Moto ukapandishwa. Robo saa ya kwanza, kimya. Kisha tangi likaanza kukwaruzwa kwa ndani, polepole, kwa kucha.

"Mwanangu," ilisema sauti nyembamba ndani ya chuma, "naungua."

Mumewe, aliyekuwa akitazama kutoka mlango wa bafu, aliingia ndani. "Fundi, hiyo ni sauti ya mama."

"Ndiyo kazi yao, kaka. Mama yako si yuko kitandani?"

Mume akaenda kuchungulia. Yuko, amelala, shuka mpaka shingoni. Akarudi analia, akanyoosha mkono kuzima, na Bi Usafi akaifunika swichi kwa kiganja chake akakataa kuondoka, huku tangi likitikisika na sauti ikiomba, ikiita mkwe wangu, ikiita mwanangu, ikipanda na kukatika na kupanda tena, na mvuke ukipenya kwenye nati ukiwa na harufu ya nyama inayoanza kuiva, mpaka sauti ikawa povu tu, na povu nalo likatulia.

Fundi akaanza kumwaga maji. Ile sauti ilikuwa imemwingia Bi Usafi, na aibu ikamshika, kumbe hajamtazama yule mama usoni wiki tatu nzima. Akaenda chumbani. Safari hii hakuweka pamba wala glavu. Akafunua shuka, akamgeuza mama mkwe taratibu, akautazama mgongo.

Haukuwa na kidonda hata kimoja. Ulikuwa laini, umelowa, hauna uti wala mbavu, na vidole vyake vilizama humo kama kwenye unga uliokandwa.

"Mama," alisema kwa shida, "vidonda viko wapi?"

Kilicholala kitandani kikageuza shingo yote mpaka nyuma, kikamtazama kwa upole.

"Vidonda nilimwachia mwenyewe," kikasema. "Kule kwenye tangi."

Kutoka bafuni fundi aliita, akiomba aletewe beseni kubwa na kisu, maana kilichobaki humo hakipiti kwenye vali.