Faili ya Watiri

Jumanne hiyo dada yangu Phyllis aliingia kazini kama siku zote, akavua koti, akachemsha chai. Alikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi ya ushirika wa maziwa huko Ruring'u. Mfumo wa kompyuta kuu ulikuwa unabadilishwa, na meneja alitaka faili za mfano zifutwe kwanza, zile zinazomwonyesha fundi jinsi ya kupanga mashine. Kompyuta yenyewe haizisomi. Zilikuwa zimekaa humo bure tangu 2009.

Aliyeziandika ni marehemu mzee Mutahi, fundi wa kwanza. Mahali ambapo wenzake huweka jina la kubuni, yeye aliweka majina ya wafanyakazi. Faili moja, mtu mmoja.

"Madam, hizo wacha," karani Simiyu alimnong'oneza. "Mutahi alisema zisiguswe."

"Ati zisiguswe? Si ni mifano tu."

Akafuta ya kwanza. Ilikuwa na jina la Ndungu, mlinzi. Robo saa baadaye Ndungu alianguka langoni, kikombe mkononi. Hakuamka.

Phyllis alienda kwa meneja, akamweleza. Meneja alicheka, mtu mzima na tai yake shingoni.

"Saa nane nataka hiyo system ikiwa safi. Ama uniletee barua ya kuacha kazi."

Dada yangu ni mjane mwenye watoto wawili. Angefanya nini? Akaamua kufuta za waliokufa tu, kisha aseme zilizobaki zinatumika. Akapitia majina moja moja. Walio hai akawaacha. Mwisho akakuta jina la mama yetu, aliyefagia ofisi hiyo miaka kumi na miwili, tukamzika Naro Moru mwaka wa 2017.

Watiri.

Akaifuta.

Kwetu jina la nyanya hupewa mjukuu. Binti wa pili wa Phyllis, mwenye miaka sita, aliitwa Watiri. Lakini nyumbani hatukumwita hivyo. Tulimwita Mum, kama tunavyomwita mtoto aliyebeba jina la mama. Phyllis alikuwa hajalitamka jina lile kwa miezi. Alilikumbuka kidole kikiwa bado kwenye kibodi.

Simu ikaita. Ilikuwa shule.

"Mama Watiri," mwalimu alisema kwa sauti ya chini. "Kuja. Kuja tu."

Daktari aliandika kwamba ni moyo. Mtoto wa miaka sita, moyo! Meneja alituma maua. Niliyatupa kwa ng'ombe, na hata leo sijutii.

Phyllis hakurudi kazini. Siku hizi hukaa mlangoni kutwa.

Jumatatu Simiyu alinipigia simu. Ofisi imenunua mashine mpya kabisa, hakuna cha zamani kilichohamishiwa humo. Hata hivyo kuna faili moja ya mfano ndani yake. Ina jina la Watiri, na iliandikwa Jumapili saa sita na dakika kumi mchana.

Jumapili saa sita na dakika kumi mchana mke wangu alijifungua binti, kifungua mimba wetu. Jina lake ni la mama yangu, na nilikuwa bado sijamwambia mtu.

Nimeenda kwa meneja mara mbili kumwomba. Anacheka tu. Ameagiza mashine isafishwe Ijumaa asubuhi.

Leo ni Alhamisi.