Makaburi Yaliyoipa Kibla Mgongo

Wino haukukauka. Kwa joto la Garissa karatasi iliyoanikwa asubuhi huwa kavu kabla ya adhuhuri, lakini chapa hizi nane za makaburi zilikaa kwenye kamba siku tatu na bado zilichafua kidole. Nunow alikinusa kidole chake. Kilinuka udongo uliochimbwa sasa hivi.

Ofisa mmoja wa jeshi alipita asubuhi hiyo, akaingia, akavuta moja kambani bila kuuliza.

"Makaburi mazuri," alisema. "Tutawaongezea."

Lori lake likaondoka kuelekea Nairobi.

Ulikuwa mwaka wa 1966, vita vya jeshi na waasi vikiendelea. Wafugaji walikuwa wameswagwa hadi vijiji vilivyozungushiwa seng'enge, na kwenda Bura bila kibali ilikuwa kutafuta risasi. Nunow alikuwa na filamu za kabla ya vita: visima, malisho, makaburi. Alisafisha picha, akaibandika juu ya ubao, akachonga kwa kufuata mistari yake, kisha akapaka wino na kuchapa. Waliokatazwa kurudi kwao walitundika picha ya kwao ukutani.

Mkunga Osob aliagiza chapa ya makaburi ya Bura, alikolala mumewe. Alipokuja kuichukua siku hiyo aliitazama karatasi yake, akairudisha mezani.

"Nunow, mwanangu. Marehemu hakunipa mgongo miaka thelathini. Wewe umemfundisha lini?"

"Vipi, eddo?" alimwuliza, kwa heshima ya shangazi.

"Jiwe la kichwani liko mashariki, ili maiti alale ubavu wa kulia akitazama kaskazini, Kibla. Hapa umeliweka magharibi. Umewageuza wote. Wameipa Kibla mgongo."

Alielewa papo hapo. Chapa huhamisha kulia kwenda kushoto, ndiyo maana kila mara aliigeuza filamu kabla ya kusafisha picha. Siku ile alikuwa anawahi kafyu, akasahau. Ingekuwa kisima alichokizoea, angegundua; makaburi hufanana pande zote.

"Ni karatasi tu," alisema.

"Waambie wao."

Nyuma ya pazia, mkewe Timiro aliita kwa sauti ya chini. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane na ushei.

"Nunow. Mtoto amegeuka."

Osob alimpapasa tumbo. "Jana kichwa kilikuwa chini. Sasa kiko juu." Akamvuta Nunow pembeni. "Makaburi yale yana mlinzi, na si mtu. Choma karatasi zote. Na ubao. Isibaki hata moja."

Nunow aliingia chumba cha giza alimosafishia filamu, ambamo karatasi zilianikwa, na mlango ukajifunga nyuma yake. Nje ilikuwa saa sita mchana. Alisikia jiwe likiburutwa sakafuni, ingawa sakafu ilikuwa ya saruji na chumbani hamkuwa na jiwe. Kisha likaburutwa la pili, na la tatu, taratibu, kama mtu anayejua anachotafuta na hana haraka, na ile harufu ya udongo ikamjaa puani hadi mdomoni akawa anautafuna, na alipopapasa kamba kuzitoa karatasi aligusa kitu baridi kilichokuwa kikizitoa pia, kutoka upande wa pili, moja baada ya nyingine, na sauti ya Timiro, ambayo haikutoka kwa Timiro, ikamuuliza sikioni: "Nani amenigeuza?"

Alitoka na karatasi sita na ubao mkononi, bila kukumbuka jinsi alivyofungua mlango. Wakaongeza ile ya Osob, wakachoma vyote uani. Moshi ulipopanda, Timiro alishika tumbo. Mtoto alikuwa amerudi kichwa chini, na uchungu umeanza.

Alizaliwa alasiri, msichana, analia vizuri. Nunow alikaa chini, akaegemea ukuta.

"Alhamdulillahi," alinong'ona.

Osob alikuwa ameweka sikio kifuani pa mtoto, upande wa kushoto. Alisikiliza kwa muda mrefu. Akahamisha sikio. Kisha akauchukua mkono wa Nunow na kuuweka alipokuwa amesikiliza mwisho.

Moyo ulikuwa unapiga, kwa nguvu, upande wa kulia.

"Karatasi zilikuwa ngapi?" Osob aliuliza.

"Nane."

"Tumechoma saba."

Nunow akageuka kutazama barabara ya Nairobi, lilikopita lori la ofisa.