Kondo Lisilozeeka

Kondo Bandia lilining'inia ndani ya chupa kubwa ya kioo, jekundu na nene kama chapati ya sikukuu, likimlisha mtoto ambaye bado hajazaliwa. Mishipa yake ilikuwa laki mbili, kila mmoja mwembamba kuliko unywele. Lilichuja taka, likatia sukari, oksijeni na kingamwili, usiku na mchana, wala halikuwahi kudai mapumziko ya saa nne.

Ilikuwa katika maabara moja ya Tanga, mwaka 2093. Wageni walioingia maabara hiyo walivua viatu bila kuambiwa.

Mhandisi Tatu Shemdoe alikuwa amelitengeneza kwa miaka kumi na mmoja. Mtoto alikuwa wa Semeni, ambaye kondo lake mwenyewe lilishindwa kazi katika wiki ya ishirini na nne. Sasa wiki ya arobaini na mbili ilikuwa inakwisha. Mtoto alikuwa mnene, ananyonya kidole gumba, na hana mpango wowote wa kutoka.

"Si mumfungulie tu?" Semeni aliuliza.

"Mapafu yake bado yamejikunja kama mwavuli mpya, dada. Tukimtoa leo atazama ndani ya hewa. Na chupa inaanza kumbana. Amebakiwa na siku kumi." Tatu alikuna kichwa. "Kwa mbuzi kumi na wawili tulifaulu!"

Mama yake Semeni, Bi Mwajabu, mkunga mstaafu, alikuwa amekuja na jembe la kuzikia kondo. Akalitazama lile la kwenye chupa.

"Hili lenu linazeeka lini, Injinia?"

"Halizeeki, bibi. Litadumu miaka sitini."

"Basi mjukuu wangu atastaafu humo humo."

Semeni alicheka, kisha akalia.

"Mwanangu," bibi akamwambia Tatu taratibu, "mikono hii imepokea kondo mia nne. La mtoto njiti ni laini kama ini. La aliyetimiza siku lina chembe kama chokaa. Limechoka. Lisipochoka, nani atamwambia mtoto kwamba kumekucha?"

Tatu alikikimbilia kisomahomoni, na mbele ya mistari yake akaduwaa. Mwana-mbuzi hujipigia mwenyewe kengele ya kuzaliwa. Kwa binadamu, mpiga kengele ni kondo: wiki baada ya wiki humimina homoni ya saa, nyingi na nyingi zaidi, na mtoto hujibu kwa kutengeneza kotisoli, inayokunjua mapafu. Kila kondo, tangu mama wa kwanza, lilihesabu siku zake za mwisho ili mtu avute pumzi. Hili alilolitengeneza yeye halikuhesabu chochote.

"Naweza kuziamuru chembehai zake zitoe homoni hiyo," alisema. "Lakini zikianza kuzeeka hazirudi. Na ninalo hili moja tu."

"Hata mimi nilikuwa nalo moja," Semeni akajibu.

Tatu akabonyeza kitufe.

Kwa siku nane Kondo lilififia, likaota chembe nyeupe, huku kotisoli ikipanda. Siku ya tisa wakafungua chupa. Kimya. Bi Mwajabu akamsugua mtoto mgongo. Kimya tena. Kisha mwavuli ukafunguka, na kilio kikatikisa vioo vya maabara.

Bibi alichagua mahali pa kulizika Kondo, chini ya dirisha. Tatu akaomba kipande kidogo kwa ajili ya hadubini.

"Kondo ni nduguye mtoto, na ndugu hakatwi," bibi alisema. "Shika jembe."

Akalishika. Alipomaliza kufukia, alirudi mezani na mikono yenye udongo, akafungua mchoro wa mashine ya pili. Pale penye muda wa kudumu, alifuta miaka sitini akaandika: wiki arobaini.