Gauni Lililozibwa Shingo

Gauni la kwanza lilirudishwa Jumanne asubuhi na mteja aliyenuna kweli kweli. Shingo ilikuwa imezibwa kabisa kwa mishono midogo, ya kunyooka, ambayo fundi mwenyewe hakuwa na subira ya kuishona. Akaomba radhi, akasingizia usingizi, akafumua. Alhamisi yakarudi mawili. Sasa usingizi gani huo wa kila siku?

Fundi alikuwa mjane mwenye binti mmoja wa miaka saba, mtoto mwenye domo kama chiriku. Siku ile ile ya gauni la kwanza, chiriku akanyamaza. Daktari alimchungulia koo, akasema mtoto mzima. Lakini kila alipofungua kinywa kilitoka kimya kitupu, na harufu ya mafuta ya cherehani.

Dada mkubwa wa fundi ndiye aliyemleta mganga, mama mnene mwenye miwani, asiyependa porojo. Mganga alizunguka chumba, akainusa cherehani, kisha akabandika kiganja kwenye ukuta wa kushoto.

"Huku anakaa nani?"

"Dereva," fundi alinong'ona. "Mkewe alifariki mwezi uliopita. Aliteleza bafuni."

"Nimeuliza anakaa nani. Hayo mengine mbona unanipa bure?"

Hapo fundi akayatoa yote. Miaka miwili, kila Dereva aliporudi safari, mkewe aligonga ukuta ule mara tatu kuomba msaada. Na fundi alikuwa na dawa yake: alichukua kipande cha jinzi, kitambaa kizito kinachoilazimisha cherehani kunguruma, akakanyaga kwa nguvu zote mpaka vilio visisikike. Hata asipokuwa na kazi alishona kile kipande, kwenda na kurudi. Siku ya mwisho uzi ulimkatikia, akaendelea kukanyaga bila uzi. Na msibani, waliposema marehemu aliteleza, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitikia kwa kichwa. Aliona aibu mpaka akashindwa kumtazama dada yake.

Mganga hakumpa pole. Alisema kwenye cherehani ameingia jini, na hakutumwa na mtu; chakula chake ni maneno yaliyomezwa, na ya fundi alikwisha kuyamaliza, sasa alikuwa anakula ya mtoto. "Kamwambie mama wa marehemu ulichosikia. Chote. Ukimdanganya tena, mimi usiniite."

Kesho yake mchana, kabla fundi hajavaa viatu, mama wa marehemu alikuja mwenyewe. Alileta magauni ya bintiye yapunguzwe, awavalishe wajukuu. Nyuma yake, mlangoni, alisimama Dereva amembebea mfuko, mpole, anatabasamu.

"Mwanangu," bibi alisema taratibu, "wewe ulikuwa hapa siku ile. Hukusikia chochote?"

Fundi alimtazama binti yake aliyekaa kwenye kigoda karibu na cherehani, akamtazama bibi, akayaona maneno yote yamejipanga tayari mdomoni, kisha macho yake yakapanda yakakutana na ya Dereva, na ukutani, upande ule ambao sasa hapakuwa na mtu, pakagongwa mara moja, pakagongwa mara ya pili, na pedeli ya cherehani ikaanza kushuka na kupanda yenyewe, polepole, bila mguu, na harufu ya mafuta ikajaa chumba.

"Cherehani hii ina kelele, mama," alisema. "Sikusikia kitu."

Ukuta ukagongwa mara ya tatu. Pedeli ikasimama.

Binti akainuka kwenye kigoda. Akampita mama yake bila kumtazama, akaenda kumshika bibi mkono, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile akasema, kwa sauti nzito ya mwanamke mzima, sauti ambayo fundi aliijua vizuri kupitia ukutani:

"Alisikia, mama. Twende nyumbani."

Mfuko ukamponyoka Dereva. Fundi alimwita binti yake kwa jina, akarudia, akarudia tena. Mtoto hakugeuka.