Bwana Harusi Aliyetaka Kuwakilishwa

"Wamegoma tena, Editha. Ndege ya leo nayo imefutwa."

Ilikuwa Jumamosi mchana, sendofu ya kumuaga binti yangu Editha ni jioni ileile, naye yuko saluni hapa Majengo, Dodoma, kichwa kimesukwa nusu. Aliyepiga simu ni mchumba wake Castory, yuko Dar es Salaam, nami nasikia yote kwenye spika. Tangu Alhamisi wafanyakazi wa ndege walikuwa wanadai mishahara, abiria wanalala uwanjani. Hilo halikuwa uongo, hata redio ilitangaza.

Shangazi yake Castory, Elieth, alikuwa ameshaniletea ushauri wake. Mnajua kwenye sendofu binti huzunguka ukumbini akimtafuta mwenzake kati ya wageni, akimpata anampeleka kwa wazazi. Basi Elieth akataka akae Ludovick, mdogo wake Castory, achaguliwe yeye ili tusichekwe. Nikachanganyikiwa. Nikiwaza wageni na pilau, naona sawa. Nikimwangalia mwanangu, roho inakataa.

"Mchague tu Ludo," Castory akasema. "Shughuli yenyewe ya masaa mawili."

"Kwani Ubungo hakuna mabasi?" Editha akauliza.

"Mabasi?"

"Yanakuja Dodoma kila asubuhi. Toka juzi hukuona hata moja?"

Akacheka. "Nije kwenye sendofu yangu nimejaa vumbi kama gunia la karanga? Watu wa ofisini watanionaje?"

Editha akakata simu. Punde ukaingia ujumbe: "Acha utoto. Ludo kashavaa."

Jioni muziki ukapigwa, mwanangu akaanza kuzunguka. Akampita Ludovick mara ya kwanza. Akampita tena. MC akaanza utani wake, eti bibi harusi kasahau miwani, wa tai nyekundu si huyo hapo? Watu wakacheka. Editha akaomba kipaza sauti.

"Huyu ni shemeji yangu, namheshimu. Ninayemtafuta mimi hayupo."

Elieth akaninong'oneza kwamba sikulea. Nami nimesimama tu, sijui nikamzibe mwanangu mdomo au nipige vigelegele.

Mgomo ulipoisha Castory akashuka na ndege, kanyooka, ananukia, akaja moja kwa moja nyumbani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, waliogoma ni watu wa ndege. Mimi kosa langu nini?"

Hapo ndipo nilipokwama, maana kwa maneno matupu kosa hulioni. Wazazi wenzangu, angalieni sana. Mtu anaweza asidanganye hata neno moja, na bado ukampa mtoto wako ukaja kulia. Mimi nilikuwa nimebakiza kidogo nimwambie Castory akae, tuyamalize.

Editha akatoka chumbani, akaweka pete juu ya meza.

"Huna kosa, Castory," akasema taratibu. "Ila nilikutafuta mbele za watu, sikukuona. Sitaki kukutafuta tena nikiwa mke wako."