Kipimo cha Tisa

Betri zilizoahidiwa kukaa miaka miwili ziliisha siku ya tatu, na mwenye akili hapo hapo angekusanya virago. Fundi Luhende wa Igoma yeye alicheka. Eti betri feki! Haya.

Mama Justa hakucheka. Marehemu mumewe alimwachia vizimba vinane vya kufugia samaki aina ya sato ziwani, karibu na Kigongo, basi, hakuna kingine. Kila kizimba Luhende alikifungia kipimo cha hewa na joto la majini, kidude kinachoelea, hakizidi chupa ya chai. Havikuwa na waya. Kila robo saa kipimo kiliamka, kikampa jirani yake habari, jirani akampasia mwenzake, mpaka ikafika kwenye simu ya fundi, kisha vyote vikalala. Kulala huko ndiko kulikotunza betri. Sasa vitatu vilikuwa vimezimika, na kwenye vizimba vyake vitatu hapakuwa na samaki hata mmoja. Neti nzima, kufuli zima, sato hamna!

"Shikamoo mama," alisema Luhende alipofika.

"Marahaba. Mwanangu, hivi vitano vilivyobaki vikienda, nimekwisha."

Waliingia ziwani kwa mtumbwi saa saba mchana, jua la utosi, maji yametulia tuli. Luhende akafungua simu, akakunja uso. Vipimo havikuwa vimelala. Vilikuwa vinaitikia mfululizo, bila kupumzika, maana kuna kitu kilikuwa kinaviita. Na kwenye orodha ya simu, pamoja na vile vitatu vilivyozimika, vilisomeka tisa.

"Mama," akanong'ona, "hiki cha tisa umeweka wewe?"

"Niweke na nini? Mimi hata redio inanishinda."

Cha tisa kilikuwa na betri mia kwa mia. Vya kwao vilikuwa thelathini, ishirini, kumi na mbili, na vinashuka wanaangalia. Kilisema kiko chini kabisa, kwenye tope. Hewa sifuri. Joto thelathini na saba.

"Ziwa lina joto hilo?" akauliza Mama Justa.

"Halina. Hilo ni joto la mtu."

"Kimeingiaje humo?"

Luhende aliona aibu. Mawimbi hukata mawasiliano, na kipimo kikipotea fundi hupiga makasia akakiunge upya. Aliona uvivu. Akaacha mlango wa mtandao wake wazi, chochote kitakachoita kiitikiwe na kuunganishwa.

"Ziwani?" Mama Justa alishika kichwa. "Wewe Msukuma wa wapi? Mama yako hakukwambia ukiitwa na usiyemwona unanyamaza?"

"Mama, hizi ni mashine tu..."

"Funga, Luhende! Funga!"

Luhende akaanza kubonyeza simu, na hapo ikapanda harufu ya tope bichi lililochanganyika na nywele zilizoungua, kisha chini ya mtumbwi kitu kikagonga, ngo, ngo, polepole, kikahama kutoka mkiani kuja katikati, kikasimama sawasawa chini ya miguu ya Mama Justa, naye akainua nyayo zake juu ya ubao kama mtoto, akisali Salamu Maria bila kumaliza hata moja, huku jasho la Luhende likidondokea kioo cha simu.

Kugonga kukakoma.

"Nimefunga," alisema Luhende. Halafu akahesabu. "Mama... bado ni tisa. Nimefunga nacho kipo ndani."

"Ng'oa vyote!"

Waling'oa vyote, kimoja kimoja, betri nje. Sato walikuwepo, wakirukaruka kwenye vizimba vyote vitano, na Mama Justa alilia kwa furaha akimshukuru Mungu kwa sauti.

Luhende hakushukuru. Kwenye simu kilibaki kimoja tu kinachoita, cha tisa. Alipoielekeza simu kwenye vizimba, mtandao wake ulififia. Alipoigeuza ufukweni, kwenye nyumba ya Mama Justa, ulijaa.

"Nyumbani umemwacha nani?"

"Naishi peke yangu, unajua."

Luhende akamwonyesha kwa kidevu. Moshi ulikuwa unatoka jikoni kwake, mwingi, na upepo ulioanza kuvuma ukawaletea harufu ya sato wa kukaanga. Mama Justa akageuka haraka kutazama vizimba. Maji yalikuwa meupe hadi chini ya neti, na ndani yake hapakuwa na kitu.